Dilala: Paka anapolia usiku kucha, anamwambia nani?

Ni saa tisa ya usiku katika komini ya Dilala, mjini Kolwezi. Umeme umekatika tangu jioni, na katika kimya hicho kila kitu kinasikika: mbwa wa mbali, lori linalopanda kuelekea mgodini na, juu ya bati la jikoni, paka. Analia kwa sauti ndefu, anatulia kidogo, anaanza tena. Ndani ya nyumba kuna mtu anayepaswa kuwa barabarani saa kumi na moja kusubiri basi la kampuni. Siku nzima atakuwa kwenye usukani wa gari kubwa la kubeba mawe, na usingizi anaoupoteza sasa hautarudi.

Asubuhi, pale watu wanapochota maji, habari ni ile ile. Mmoja anasema ni njaa. Mwingine anasema yule si paka wa kawaida. Na karibu kila mara yuko anayependekeza dawa ya haraka: jiwe, mfuko wa kumbebea ili akatupwe mbali, au sumu ya panya iliyochanganywa na ndakala.

Njia hizo tatu zina kasoro moja, kwamba hakuna inayouliza paka analilia nini. Jiwe linamhamisha tu hadi bati la jirani. Aliyetupwa mbali mara nyingi hurudi, na asiporudi, mwingine huja kuchukua nafasi yake, maana panya na mabaki ya chakula bado yapo. Sumu nayo haichagui. Inabaki chini, mahali ambapo kuku wanadonoa na mtoto mdogo anatambaa.

Kuna hasara nyingine ambayo watu huiona wakiwa wamechelewa. Paka wengi wa Kolwezi hawakuletwa nyumbani ili wapapaswe. Waliletwa kulinda unga. Katika jimbo ambalo sehemu kubwa ya unga wa mahindi hutoka Zambia, na ambapo bei hupanda kila mpaka wa Kasumbalesa unapokwama, mfuko mmoja uliotobolewa na panya ni hasara kwa familia nzima. Panya haharibu tu kile anachokula. Mkojo na mavi yake huharibu na kilichobaki. Waswahili husema paka akiondoka panya hutawala, na mama anayeuza unga sokoni hahitaji kufafanuliwa msemo huo.

Kwa hiyo kabla ya kumfukuza, inafaa kujua anasema nini.

Jambo la kwanza linawashangaza wengi: mlio ule wa "nyau", paka wazima kwa kawaida hawautumii kati yao. Mtoto wa paka humlilia mama yake hivyo anapohisi baridi au njaa, kisha akikua huacha. Wakubwa huzungumza wao kwa wao kwa harufu, kwa mkia, kwa masikio, na kwa kelele za ugomvi au za kutafutana. Nyau ya paka mzima wa nyumbani humlenga binadamu. Ameona kwamba sisi hatusomi mkia wala harufu, ila sauti tunaisikia.

Watafiti wamelifuatilia jambo hili muda mrefu. Mwaka 1944 Mmarekani Mildred Moelk alichapisha orodha ya sauti 16 za paka wa nyumbani. Miaka sitini baadaye, mwaka 2004, Nicholas Nicastro wa Chuo Kikuu cha Cornell alilinganisha milio ya paka wa nyumbani na ile ya paka pori wa Afrika, akawasikilizisha watu. Waliona mlio wa paka wa nyumbani unapendeza zaidi kuliko ule wa ndugu yake wa porini, kana kwamba maelfu ya miaka ya kuishi nasi imeulainisha. Paka pori huyo, ambaye wanasayansi humwita Felis lybica, ndiye babu wa paka wote wanaolala jikoni mwetu. Mwaka 2009 Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, alionyesha kwamba baadhi ya paka, wanapotaka chakula, huficha ndani ya mkoromo wao wa upole sauti nyembamba inayofanana na kilio cha mtoto. Ndiyo maana mtu huamka hata kama hakutaka.

Basi paka wa kwenye bati anazungumza na mtu. Swali ni anaomba nini, na hapo majibu si mengi.

Jibu la kawaida zaidi Dilala ni jike anayetafuta dume. Jike anaweza kuingia joto akiwa na miezi sita tu, wakati mwingine hata kabla, alipokuwa bado anaonekana kama mtoto. Analia kwa sauti nzito ya kuvuta, anajisugua kwenye miguu ya viti, anajiviringisha chini, anainua kiuno akiguswa mgongoni. Mtu asiyejua hudhani ana maumivu ya tumbo. Hali hiyo huchukua karibu wiki moja, na asipopandwa hurudi baada ya wiki mbili au tatu, tena na tena. Ulaya jambo hili lina msimu wake, kwa sababu linategemea urefu wa mchana, na wakati wa baridi majike hutulia. Kolwezi iko kama digrii 11 tu kusini mwa Ikweta. Mchana hapa haupungui sana, kiangazi wala masika, na kwa hiyo jike anaweza kulia mwezi wowote wa mwaka.

Madume wanamsikia. Wanakuja kutoka lupango za jirani, wanapigana juu ya mabati, wanakojoa mlangoni kuweka alama. Kelele ambayo mtaa mzima unalaumu "yule paka" mara nyingi ni ya paka watano.

Dawa ya kudumu ni upasuaji: jike kufungwa uzazi na dume kuhasiwa. Unafanywa na munganga wa wanyama, yaani veterineri, paka akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, si na mtu mwenye wembe. Hapo ndipo ugumu ulipo. Waganga wa wanyama hawajai mjini, na wengi wamezoea zaidi ng'ombe, nguruwe, kuku na mbwa wa ulinzi. Mahali pa kuanzia kuuliza ni huduma ya jimbo inayoshughulikia kilimo, uvuvi na mifugo. Lubumbashi, mwendo wa kama kilomita 300, kuna kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, na ndiko waganga wengi wa eneo hili la shaba walikosomea. Majirani watatu au wanne wenye paka wakimwita munganga mmoja siku moja, ni rahisi kuelewana naye bei kuliko kila mmoja kwenda peke yake.

Kwa asiye na uwezo huo, wiki ya joto inaweza kuvumiliwa. Jike afungiwe ndani usiku, katika chumba chenye giza na kimya, na beseni la mchanga la kujisaidia. Atalia, lakini madume hawatamfikia, na nusu ya kelele itapungua. Vidonge vya wanawake vya kuzuia mimba asipewe hata kidogo. Dawa za aina hiyo huweza kumletea usaha katika kizazi na uvimbe wa maziwa. Na akishapandwa, familia ijiandae: baada ya siku 63 hadi 65 kutakuwa na watoto, mara nyingi watatu hadi watano, na kila mmoja atahitaji nyumba. Wasiondolewe kwa mama kabla ya wiki nane. Mtoto aliyetolewa mapema mno hulia zaidi, na hakufundishwa kukamata panya.

Jibu la pili ni njaa, na hapa kuna imani moja inayowatesa paka wengi wa Katanga ya zamani. Inasemwa kwamba paka akipewa chakula hatakamata panya. Si kweli. Hamu ya kuwinda na hamu ya kula kwa paka ni vitu viwili tofauti. Aliyeshiba bado humrukia panya anayepita. Anayelala njaa ndiye huingia jikoni kwa jirani, huiba samaki, hufukua takataka, na kulia mlangoni saa kumi za usiku.

Bukari peke yake haimtoshi. Mwili wa paka umeumbwa kwa nyama, na kuna virutubisho asivyoweza kuvipata kwenye unga. Si lazima kutumia pesa nyingi. Kichwa cha samaki, utumbo wa kuku uliochemshwa, ndakala wachache waliolowekwa ili chumvi ipungue, vikichanganywa na bukari kidogo, ni chakula kizuri. Maziwa ya ng'ombe, ambayo watu hudhani ndiyo chakula chake halisi, huwaharisha paka wakubwa wengi. Maji safi yanamtosha.

Saa ya kula ina uzito kuliko wingi wa chakula. Paka ana uchangamfu mkubwa jua linapotua na linapokaribia kuchomoza, saa ambazo panya nao wanatembea. Desturi yake ni kuwinda, kula, kujilamba, kulala. Familia inaweza kuifuata desturi hiyo badala ya kupigana nayo. Jioni mtoto amchezeshe kwa kamba iliyofungwa kitambaa, robo saa tu, hadi achoke. Kisha apewe chakula chake, mara ya mwisho kabla watu hawajalala. Wengi watajilamba na kusinzia.

Hapa inafika sababu ambayo wenye paka hawapendi kuisikia, kwamba mara nyingine kilio kimefundishwa na nyumba yenyewe. Paka alilia saa kumi, baba akaamka kwa hasira na kumtupia kipande cha samaki ili anyamaze. Alinyamaza. Kesho yake akalia saa ile ile. Kwa hesabu ya paka, kulia kumeleta samaki. Hata matusi yanaweza kuhesabiwa kuwa malipo, kwa paka aliyekaa peke yake mchana kutwa wakati watu wote wako kazini na shuleni.

Kuivunja tabia hiyo kunahitaji nyumba nzima kukubaliana. Paka akishakula jioni, na ikiwa si mgonjwa, mtu asiamke tena kumjibu: si kwa chakula, si kwa maneno, si kwa kiatu. Usiku wa kwanza hadi wa tatu atalia zaidi kuliko zamani, kama mtu anayegonga mlango kwa nguvu kwa sababu jana ulifunguliwa. Wengi hushindwa hapo. Bibi anamwonea huruma, anafungua, na paka anajifunza kwamba anatakiwa kulia kwa muda mrefu zaidi. Wanaovumilia wiki mbili huona tofauti. Chakula cha asubuhi nacho kitolewe baada ya watu kuamka na kunawa, si mara tu mguu unapogusa sakafu. Kumpiga hakusaidii. Paka hafungamanishi fimbo na kilio, anaifungamanisha na mtu aliyeishika, na paka anayeogopa watu wa nyumbani hukojoa ovyo na kulia zaidi.

Kuna kilio ambacho hakisubiri wiki mbili.

Dume anayekwenda kujisaidia kila mara, anajikamua, anatoa tone moja au hakuna kitu, anajilamba chini na kulia, njia yake ya mkojo imeziba. Wenye paka wengi hudhani amefunga choo. Kibofu kikijaa, sumu za mwili hurudi katika damu, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Huyo apelekwe kwa munganga siku ile ile. Paka mzee, wa miaka kumi na zaidi, anayelia usiku akizungukazunguka chumbani kama aliyepotea, anaweza kuwa haoni vizuri, hasikii, au ubongo wake umechoka. Paka kiziwi hulia kwa sauti kubwa kwa sababu hajisikii. Anayekula sana huku akikonda na kulia usiku huenda ana ugonjwa wa tezi ya shingoni. Paka aliyekula panya mwenye sumu naye aonwe upesi, hata kama bado anatembea. Kwa wote hawa onyo ni moja: wasipewe vidonge vya watu. Paracetamol, ambayo iko karibu katika kila nyumba, huua paka. Ini lake haliwezi kuivunja, na nusu ya kidonge tu inaweza kutosha.

Halafu kuna kichaa cha mbwa, ambacho wengi hapa huita raji. Mbwa ndiye humwambukiza binadamu karibu kila mara, lakini paka aliyeumwa na mbwa mgonjwa anaweza naye kuupata na kuupitisha. Dalili moja ni sauti kubadilika: paka anayejulikana nyumbani anaanza kulia kwa sauti ya kukwaruza isiyo yake. Anaweza kujificha gizani, kutokwa na mate, kuyumba, au kumrukia mtu bila kuchokozwa. Paka wa namna hiyo asishikwe kwa mikono. Watoto waondolewe, mlango ufungwe, huduma ya mifugo iitwe. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kuulizia chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu kama 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na dalili zikishaonekana karibu hakuna anayepona. Chanjo ya paka huanza akiwa na miezi mitatu.

Sababu moja ina uzito wa pekee Kolwezi, nayo ni kuhama. Mji huu umejengwa juu ya madini, na madini yanawahamisha watu. Mtaa wa Kasulo, baada ya watu kuanza kuchimba kobalti hadi chini ya vyumba vyao, sehemu yake ilizungushiwa ukuta mwaka 2017 na mamia ya familia zikaondoka. Septemba 2023 Amnesty International, pamoja na shirika la Kolwezi la IBGDH, ilitoa ripoti juu ya watu waliolazimishwa kuacha makazi yao kwa ajili ya migodi, wakiwemo wa Cité Gécamines. Katika mashaka kama hayo hakuna anayemhesabu paka. Lakini paka hushikamana na mahali kama anavyoshikamana na watu. Akifika nyumba mpya hukesha akilia, au hutoroka kurudi kwenye ukuta ambao huenda umeshabomolewa.

Mwenye kuhama na paka wake amweke ndani wiki mbili hadi tatu bila kumtoa. Ampe kitambaa au gunia lake la zamani bila kulifua, kwa sababu harufu ile ndiyo nyumba yake. Chakula kiletwe saa ile ile kama zamani. Kutoka kwa mara ya kwanza iwe kabla ya kula, ili njaa imrudishe. Na kwa wanaoishi karibu na mahali pa kulipua miamba, kikapu au karatoni iliyogeuzwa kwenye pembe ya nyumba humpa pa kujificha. Akiachiwa pa kujificha, hana haja ya kupanda juu ya bati.

Linabaki lile neno la kule kwenye maji, kwamba yule si paka wa kawaida. Haina maana kulicheka, maana watu wanaolisema wanaogopa kweli. Jike mwenye joto hulia kama mtoto aliyeachwa nje, na macho ya paka hung'aa yakipigwa na torchi kwa sababu nyuma yake kuna utando unaorudisha mwanga, uliowekwa hapo amsaidie kuona gizani. Mambo hayo mawili yakikutana saa tisa ya usiku, nje ya nyumba yenye mgonjwa, hofu huja yenyewe. Hatari huanza pale kidole kinapotoka kwa paka na kumwelekea mwenye paka: mjane anayeishi peke yake, au mtoto yatima anayelala na paka huyo. Hapo haiwi tena habari ya mnyama. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu mtu anayemshitaki mtoto kuwa mulozi.

Jirani asiyelala ana haki ya kulalamika. Anaweza kuanza kwa kwenda mchana kwa mwenye paka, si usiku kwa hasira, na kumweleza alichosikia: saa ngapi, sauti ya namna gani, paka mmoja au wengi. Maelezo hayo ndiyo munganga wa wanyama atakayoyauliza kwanza. Mara nyingi mwenye paka hajui, kwa sababu paka wake huenda kulia kwenye bati la mwingine.